Skrini Iliyokikubali Kidole cha Mama

Simu za kisasa hazimtambui mama yangu. Vidole vyake vimekauka na kukomaa kwa jembe na kumenya ndizi tangu utotoni kule Kagera, na kioo cha simu hakisikii kidole cha namna hiyo. Kwa hiyo kila alipotaka kuusikia wimbo wa kwaya ambamo marehemu baba anaimba besi, ilibidi aombe awekewe. Aliomba uchezwe mara moja tu, ukiisha anashukuru na kunyamaza. Mama hapendi kusumbua watu.

Ndipo nikapata pale Mkuyuni skrini ya kugusa ya zamani, iliyotoka kwenye kaunta ya mgahawa. Hii haijali ngozi, inataka kubonyezwa tu. Niliifikisha nyumbani Mkolani, nikauchomeka waya wake mnene nyuma ya kompyuta ya mezani, nikaweka draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kusikia mguso. Haikusikia kitu. Nikafoka peke yangu, nikazima, nikawasha. Kumbe waya uko tundu la pili, na draiva imepangwa kusikiliza tundu la kwanza. Nilikuwa nabisha hodi kwa jirani.

Nilipobadilisha, zikatokea alama za msalaba kwenye pembe za skrini, nizibonyeze ili draiva ijue kidole kinaangukia wapi. Nikazibonyeza nimesimama, nikamwita mama.

Akakaa kwenye kigoda chake, maana kiti hakitaki, akabonyeza wimbo. Ikafunguka rekodi iliyo chini yake kwenye orodha, risala ya harusi ya binamu yangu. Akajaribu tena, risala ileile. Akakunja mikono mapajani.

"Basi mwanangu. Na hii nayo imenikataa."

Iliniuma. Nikachuchumaa kando yake nitazame kutoka pale alipo, nikacheka. Kioo kile ni kinene, na kwa mtu aliyekaa chini kila kitu kinaonekana kimeshuka kidogo. Nilikuwa nimeipima kwa macho yangu.

"Pima wewe, mama," nikasema, nikirudisha ile misalaba. Akaibonyeza mmoja mmoja, polepole, kama anayeangalia iwapo ndizi imeiva. Kisha akabonyeza wimbo.

Besi ya baba ikajaa sebule. Mama akaimba naye hadi mwisho. Nikainuka nikalete chai, nikasikia wimbo umeanza tena. Na tena. Nikaiacha chai, nikakaa sakafuni, tukaimba wote watatu. Miaka yote hiyo sikujua alikuwa anatamani kuusikia mara ngapi.