Nilimwambia Fundi Mabati ya Plastiki Nimeshayatoa

Usinipe pole. Nilidanganya, na uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu tu.

Mimi ni Mkenya, nauza vitenge kwa jumla katika soko la Kikuubo, ng'ambo ya mpaka wetu. Stoo yangu iko mtaa wa Kansanga, na aliyeiezeka ni fundi Okello, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Umeme wa kule hukatika ovyo, kwa hiyo nilimwambia achanganye mabati manne ya plastiki, yale yanayopitisha mwanga.

Aliyaweka akinung'unika. "Mama, hii plastiki haiwezi beba mtu. Jua ikiipiga miaka mbili, inakuwa kama biskuti. Weka wavu ya chuma chini yake."

Nikamwambia wavu utafanya stoo yangu ifanane na seli. Akasema seli mtu hutoka akiwa hai. Ndivyo alivyokuwa huyo mzee, ulimi kama wembe, na mimi sipendi kugombezwa na mtu niliyemwita kufanya kazi.

Baadaye jua lilianza kuchujua vitenge vyangu kwenye mikunjo. Mteja anakunjua kitambaa, anaona mstari mweupe, ananirudishia. Hasira zikanipanda. Okello alipokwenda kwao kumzika kaka yake, nikamleta fundi wa rangi na kumwamuru apake paa lote jekundu, chuma na plastiki pamoja. Aliponiuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba sikumwita anifikirie.

Kazi ilipendeza. Hata ukiwa juu ya paa usingejua bati lipi ni lipi. Nikaona fahari, mpumbavu mimi.

Mvua zikaja, paa likavuja, nikampigia Okello. Alifika asubuhi akapanda ngazi moja kwa moja bila kuingia ndani. Mimi nilikuwa uani na chai yangu. Akasimama ukingoni mwa paa akaniita.

"Mama, ile plastiki iko wapi? Naona nyekundu tupu."

Ningesema nimeipaka rangi, angenishukia mbele ya wapakiaji wangu mpaka mchana. Nikajibu, "Nilishayatoa, tembea tu."

Alipiga hatua nne, labda tano. Sikusikia sauti ya mtu. Nilisikia mlio kama wa sahani inayovunjika, kisha kishindo ndani ya stoo. Marobota ya vitenge yalikuwa yamejaa humo, lakini yeye aliangukia sakafu tupu kando ya ukuta. Uti wa mgongo umeumia. Hatembei, na daktari haahidi kitu.

Watu wa Kansanga wakasema mzee alikuwa amelewa. Okello haonji pombe, nilijua hivyo, nikanyamaza. Wengine wakasema ni mpango wa Mungu. Ninawachukia waliosema hivyo, na ninajichukia zaidi kwa kuwaitikia. Mungu hakununua ile rangi.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Okello na matunda ya soko la Kalerwe. Mkewe, Zainabu, alinipokea kwa heshima, kumbe mumewe hajamwambia neno. Okello akamtuma nje kuchemsha maji, akanitazama.

"Mimi ningekanyaga kwa mstari ya misumari tu, pale chini iko mbao. Lakini wewe ulisema ulitoa. Nikaamini wewe." Akautazama mlango aliotokea Zainabu. "Watu wanasema nilikunywa. Sema kwa mdomo yako. Mimi sitakusemea."

Nilitoka nikampita Zainabu na maji yake, nikaenda zangu. Juzi jirani wa stoo akanijia akiuliza ile rangi niliinunua wapi, eti jua linamharibia magodoro. Nilimtukana mpaka akarudi kinyumenyume. Kisha nikamwita nikamweleza kila kitu, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuusikia ukweli wangu. Jina langu sijaliandika hapa kwa sababu Zainabu anastahili kuusikia ukweli huu kinywani mwangu kabla nyinyi hamjanijua. Jumapili naenda.

Na wewe mwenye paa, usijifanye hunisikii. Weka wavu wa chuma chini ya kila bati la plastiki, na usilipake rangi kamwe. Jua likikukera, funika bidhaa zako. Na fundi akikuuliza atakanyaga nini, mwambie ukweli hata kama ana mdomo mchafu. Okello angenigombeza mpaka saa sita, kisha angeshuka kwa ngazi.