Nilipelekwa kupimwa personality kwa sababu siongei

Wakuu, niaje. Mimi huwa nasoma tu humu napita, lakini hii imenikaa kooni. Sijaongeza chumvi mahali.

Niko form three, shule ya bweni pande za Bungoma. Nyumbani ni Matisi, Kitale. Mimi si mtu wa maneno. Maneno yangu huishia kwa diary.

Muhula uliopita nilikataa kuongoza maombi assembly. Si kiburi, kusimama mbele ya watu kunanishinda tu.

Deputy, naibu wa mwalimu mkuu, akasema mbele ya watu: "Huyu ana shida ya personality. Aende nyumbani, asirudi bila barua ya daktari."

Na mitihani ilikuwa karibu. Nililia bafuni.

Baba akampigia simu senge wangu wa Matulo anipeleke hospitali. Kwetu Wabukusu, senge ni dadake baba, na mambo ya msichana yeye ndiye husema. Hapo ndipo kulikuwa na shida.

Daktari wa saikolojia, mama mpole hivi, akaniuliza, "Wewe ni mtu wa aina gani?"

Senge akajibu, "Huyu ni mama yangu, daktari. Alipewa jina la mama yangu. Na mama alikuwa kimya hivi hivi. Sasa ati utapima marehemu?"

Daktari akacheka. Akaniuliza tena, "Ukikasirika unafanya nini?"

Senge: "Mama alikuwa anashika jembe anaenda kulima peke yake."

Wakuu, nampenda senge, lakini niliwaka ndani. Deputy anasema mimi ni ugonjwa. Senge anasema mimi ni nyanya aliyekufa. Sasa mimi niko wapi?

Nikasema, "Senge, hilo swali nimeulizwa mimi."

Aliniangalia kama kiti ndicho kimeongea. "Haya bana! Basi mjibu daktari wako." Akabeba mkoba, akaenda kungoja nje.

Nikajibu yote. Polepole, lakini nilijibu. Hata ya aibu.

Mwisho daktari akaniambia, "Sipimi unaongea kiasi gani. Naangalia kama unajijua, unajua unakotaka kufika, unaelewa mwenzako anahisi nini, na unaweza kuwa karibu na mtu. Kuna watu wanaongea kutwa nzima na hayo yote yamewashinda."

Sitawaficha, kwa hilo la kukaribia watu niko chini. Mtu akinizoea, natoroka. Daktari alisema tutaendelea kuonana kwa hilo. Lakini ukimya si ugonjwa, na aliandika hivyo kwa barua.

Deputy alisoma barua, akaikunja. "Kwa hivyo Jumatatu utaongoza maombi?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata baada ya daktari?"

"Naweza kuyaandika, mwingine asome. Kusimama mbele, bado sitaki."

Macho sikuangusha. Aliiweka barua kwa droo. Halafu akasema, "Ingia darasani."

Nikaingia.

Nilichojifunza: mtu asikwambie wewe ni nani kabla hujaulizwa mwenyewe. Hata kama ni mkubwa. Hata kama anakupenda.

Kama nawe uliwahi kuitwa mgonjwa kwa sababu ya kunyamaza, tuambie hapo chini. Na kama hutaki kusema kitu, soma upite. Hapa hakuna mtu atakupeleka kupimwa.