Taa ya Binti wa Mzee Shusha

Mtaa wa majengo ya kale ulimjua kwa neno moja tu, nalo lilikuwa amri. Ukipandisha kibao chenye taa ya buluu juu ya dirisha la zama za mababu, au ukitundika maandishi ya kuwakawaka kwenye ukuta wa mawe, kesho yake utamkuta chini ya ngazi yako, mikono nyuma, kidevu juu. "Shusha," atasema. Hakupayuka wala hakutukana. Wenye maduka wakambandika jina la Mzee Shusha, na ingawa alijifanya halisikii, moyoni alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alikuwa afisa wa ofisi ya majengo ya kale, na kazi yake ilikuwa kukagua mabango ya taa. Kazi yenyewe ukimsimulia mtu atakuuliza kama kweli kuna anayelipwa kwa hilo. Yupo. Hakuna taa ya biashara iliyowekwa kwenye jengo la kale, au hata jirani nalo, kabla ripoti yake haijasomwa mbele ya kamati. Jiwe halitobolewi, msumari unaingia kwenye chokaa, kati ya jiwe na jiwe. Taa inajificha nyuma ya herufi, ili mpita njia aone mwanga asione balbu. Mwanga uwe wa manjano na utulie. Waya usitambae usoni mwa jengo. Mambo haya aliyahubiri hata mezani kwake, mpaka wanawe wakajua habari za chokaa kabla hawajajua jedwali la kuzidisha.

Halafu hakuwa mtu wa kutulia. Chai aliinywa amesimama. Kiti chake ofisini kilikuwa mahali pa kutundikia koti, na ukitaka kuzungumza naye ilibidi umfuate huku na huko kama mnatafuta kitu kilichopotea. Mkewe alikuwa akisema mume wake angezaliwa saa ya ukutani angekuwa ile mishale.

Basi binti yake kitindamimba akafungua duka la dawa kwenye mtaa huohuo, chini ya jengo lililokuwa posta zamani. Mlango wake uko ndani ya baraza refu lenye nguzo. Mchana hapana shida. Jua likizama, baraza linaumeza mlango wote, na wagonjwa wanapita moja kwa moja hadi njia panda kwenye maduka yanayometameta. Jioni moja mama mwenye mtoto anayechemka homa alipita mbele ya duka, akarudi, akapita tena, na asingelipata kama asingeuliza. Binti alikosa raha. Akaanza kusema kwamba mambo yakiendelea hivi atafunga, arudi kuajiriwa.

Akaomba kibali cha taa. Herufi nne tu, DAWA, za bati jeusi, na mwanga nyuma yake.

Pale ofisini sheria iko wazi: maombi ya ndugu yako unampa mwenzako. Mwenzake alikuwepo, mwanamke mchapakazi aliyeitwa Mama Ramani kwa sababu michoro yote ilipita mikononi mwake. Alinyoosha mkono kulichukua lile faili. Mzee Shusha akalivuta kwake.

"Hili nitalimaliza mwenyewe."

Mama Ramani akatabasamu. Alidhani mzee anataka raha ya kumpitishia mwanawe. Wala! Alilishika faili lile makusudi, ili watu waone akilikataa. Tangu binti afungue duka, alitembea mtaani ametega sikio. Alishawaona watu wakinong'onezana, na kila mnong'ono aliusikia kama unamhusu yeye: sasa tutaona Mzee Shusha akimshusha nani.

Magharibi akaenda kukagua. Binti alikuwa ametundika mfano wa mbao, na fundi akawasha. Mzee akasogea, akarudi nyuma, akavuka barabara, akavuka tena. Akatafuta tundu kwenye jiwe, hakuliona. Akatafuta balbu, haionekani. Mwanga ulikuwa wa manjano, umetulia, umefanana kabisa na maneno yake mwenyewe ya mezani. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alitoka jasho. Mwishowe akaona mwanga umegusa tao la mlango, ukingoni.

"Mwanga unafika kwenye tao," akasema.

"Unaligusa tu, baba."

"Unafika."

Akaandika kwamba maombi yasikubaliwe.

Siku ya pili binti alikuja ofisini. Hakupitia mlango wa nyuma aliozoea kupita tangu mdogo. Alipanga foleni na waombaji wengine, na zamu yake ilipofika akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, afisa."

Neno lile lilimchoma. "Marahaba," akajibu, macho kwenye karatasi.

"Nimekuja kuuliza nirekebishe nini."

"Tao."

"Niusogeze mwanga kiasi gani ili usilifikie?"

Hakuna taa ya mlangoni duniani isiyougusa mlango wake, na mzee alilijua hilo. Akasema ripoti imeshaandikwa. Binti akashukuru kwa adabu zote, akaondoka. Ile adabu ndiyo iliyomtesa. Angebamiza mlango, mzee angelala usingizi.

Mama Ramani alingoja ofisi ipungue watu.

"Mzee mwenzangu, samahani. Yule fundi miwani wa ng'ambo ya barabara, taa yake si inagusa tao? Na ulimpitishia. Mimi ndiye niliyekushikia futi."

"Yule ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Mzee akachukua koti lake, akatoka. Akauzunguka mtaa, akaja kusimama mbele ya duka la miwani. Mwanga ulikuwa juu ya tao, mpole, na haukumdhuru mtu. Akauzunguka tena mtaa kama vile ukizungukwa mara nyingi ungebadilika. Nyumbani, chakula alichowekewa na mkewe alikiacha. Akajaribu kukaa, akashindwa. Akajaribu kulala, miguu ikakataa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu sasa njia ya kujitoa ilikuwa moja: kwenda mbele ya kamati kuomba binti yake apitishiwe. Yaani kufanya hadharani lilelile alilokuwa akilikimbia.

Kamati ilipokaa, alisimama kabla hajaitwa.

"Ripoti yangu ya duka la dawa ina makosa," akasema. "Naiondoa. Apewe Mama Ramani akakague upya."

Mwenyekiti akavua miwani. Wajumbe wakatazamana, mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "leo ubaba umekushika?"

"Ubaba ulinishika siku ile niliyokataa. Leo nimekuja kikazi."

Kicheko kikakatika. Mama Ramani akaenda, akakagua, akapitisha. Hakuongeza hata sharti moja.

Mzee alitaka kumpa binti habari kwa mdomo wake. Akaenda dukani, akamkuta anapanga chupa kwenye rafu.

"Wamekupitishia."

"Najua. Mama Ramani alinipigia. Na uliyoyasema kwenye kamati ameniambia." Akaendelea kupanga. "Nashukuru, baba. Lakini kwa nini hukumwachia yeye tangu mwanzo?"

Mzee alishika kaunta. Uongo ulimjia, tena mzuri, akaumeza.

"Nilitaka watu waone kwamba sikupendelei."

"Watu gani?"

Akafungua mdomo awataje. Akamfikiria mwenyekiti, ambaye jina la mwombaji hata hakulitazama kabla ya siku ile. Akamfikiria fundi miwani, aliyekuwa amemsimamisha barabarani kumwuliza mbona yule binti kanyimwa. Akawapitia wenye maduka wote, mmoja mmoja. Aliwatafuta sana wale watu wake wa minong'ono, akakosa hata mmoja wa kumtaja.

Binti akaweka chupa ya mwisho.

"Aliyeona ni mimi tu, baba."