Kahawa ya Siku za Shule

Mjukuu wangu wa kidato cha pili ana vidonge vya kumtuliza, na wazazi wake humpa siku za masomo tu. Jumamosi na likizo wanamwacha apumue. Mpango huo wameupata baada ya kusoma sana na kushauriana na daktari, na wakija kunieleza huinama kidogo na kupaza sauti, kana kwamba mimi ni kiziwi na jambo lenyewe ni jipya duniani. Mimi huitikia tu, "Haya, vizuri." Nilikuwa mtoto wa kutulizwa kabla wao hawajazaliwa, na ratiba yangu ilikuwa ngumu kuliko ya huyo mtoto wao, maana ilipangwa na koo mbili.

Kwetu ni mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye miteremko ambako ukidondosha boga hulioni tena. Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha, na kila nyumba iliyokuwa na nafasi ilikuwa na mibuni yake. Kahawa tuliilima, tukaichuma, tukaianika, tukaipeleka kuuzwa, wala hatukuinywa. Kunywa kahawa lilikuwa jambo la wazee wa Kiislamu wa mjini, waliokaa barazani na vikombe vyao vidogo wakizungumza mpaka adhana. Sisi tulikunywa uji.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa darasa la nne. Wakati ule halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Wengine waliingia darasa la kwanza wanakaribia kuota ndevu. Mjinga sikuwa. Tatizo langu lilikuwa kukaa. Mwalimu akianza hesabu za kugawanya, mimi nilikuwa nimeshaona ngedere kwenye mti wa nje, nimeshamkanyaga jirani yangu, nimeangusha kibao na kuuliza swali la somo la jana. Mwalimu alinichapa kwa bidii. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na fimbo moja. Nami nilijichukia, hilo niliseme wazi. Kila asubuhi niliteremka njia ya shule nikijiapiza kwamba leo nitatulia, na kabla sala ya asubuhi haijaisha miguu ilikuwa imeshaanza mambo yake.

Aliyenigundua ni sista wa zahanati ya misheni, mzungu mnene aliyejifunza Kiswahili kwa kukemea watu. Mama alinipeleka kwake nikiwa nimepasua goti kwa mara nyingine. Sista akanifunga kitambaa huku akinitazama ninavyohangaika kwenye benchi lake, mara huku mara kule. Akasema huko kwao alikuwa na kaka wa namna yangu, na mama yao alikuwa akimpa kahawa kali kila asubuhi.

"Kahawa?" mama akauliza. "Si itamchangamsha zaidi, Sista?"

"Wewe jaribu tu. Kikombe kimoja. Hapana maziwa. Kama dawa."

Hilo neno la mwisho ndilo lililotuponza. Angesema kama chai, ningekunywa na hadithi ingeishia hapo. Kwa kuwa alisema kama dawa, ilibidi wakubwa wakae kikao.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba humlisha, humlipia ada na kumpenda, lakini mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Baba yangu alikuwa mtu mpole aliyeijua mipaka yake, na mipaka yenyewe ilikaa nyumba ya jirani na kila jioni ilikuja kula kwetu.

Kabla ya kikao, hata hivyo, mama alijaribu. Alikaanga buni kwenye gae, akazitwanga, akachemsha. Nilikunywa nikakunja uso. Siku ile shuleni nikakaa. Sikusinzia, wala sikupumbaa. Ilikuwa kama nyumba yenye watu wengi wanaopiga kelele, halafu mtu mmoja akainuka akafunga mlango. Nilimsikia mwalimu akianza sentensi, nikaifuata, nikafika nayo mwisho. Kumbe sentensi zilikuwa na mwisho! Nilifurahi hata machozi yakanilengalenga, na mwalimu, aliponiona nimekaa kimya na machozi machoni, akadhani nina homa akanirudisha nyumbani.

Kikao kikafanyika jioni hiyo. Baba, kwa sauti ya chini, akapendekeza ninywe kila siku. Mjomba akanawa mikono kwanza, akakaa vizuri.

"Shemeji, nisikilize. Siku za shule, sawa, apewe. Lakini Jumamosi huyu ndiye anayetufukuzia ngedere shamba zima, juu mpaka chini. Tukimtuliza, nani atawafukuza? Wewe?"

Baba alikuwa na mguu mbovu. Basi ikapitishwa: siku za shule tu. Likizo hapana, mavuno hapana, siku za kushuka gulioni Mkuyuni na mzigo wa ndizi ndiyo kabisa hapana. Mama akauliza kuhusu Jumapili, kwa sababu kanisani nilikuwa namtia aibu mbele ya wanawake wenzake. Mjomba akafikiri, akaamua kwamba misa ni shule lakini fupi, nipewe nusu kikombe. Ikawa kila Jumapili natulia mpaka katikati ya mahubiri, kisha naendelea kama kawaida.

Mimi sikuulizwa. Jambo la kuudhi ni kwamba kuhusu Jumamosi walikuwa wamepatia. Shambani, nikipiga debe na kuporomoka mteremkoni nyuma ya ngedere, nilikuwa mtu kamili na nilijipenda. Kahawa huko sikuihitaji. Lakini wao hawakuwa wamewaza raha yangu, waliwaza mahindi. Nikatulizwa palipofaa nitulie, nikaachwa nihangaike palipofaa nihangaike, na kila mtu akasema dawa ile ina akili.

Mwaka ule ndio ulikuwa wa mtihani wa kuingia shule ya kati, ya bweni, ya masista. Ndio pia mwaka niliovunja ungo. Na msichana akivunja ungo kwetu aliwekwa ndani. Mwali hukaa chumba chenye giza, haonekani, hatoki, hazungumzi ovyo, miezi na miezi, wengine mwaka na zaidi, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma, na mara nyingi mchumba ameshajulikana. Padri hakulipenda jambo hilo. Watu walimwitikia Padri, wakarudi nyumbani wakaendelea.

Mwenye zamu ya kuniweka ndani alikuwa bibi, mama yake mama. Kwa kumheshimu baba alikubali kusubiri majibu ya mtihani: nikifaulu, niende kwa masista, nikishindwa, niingie ndani. "Mimi sina haraka," alikuwa akiniambia huku akisuka mkeka. Mkeka ulikuwa wangu.

Wenzangu waliokuwa na umri wangu waliogopa kuozwa. Mimi nilikuwa sijafika huko, niliogopa kukaa. Mtu asiyeweza kumaliza somo moja la hesabu, leo afungiwe chumbani mwaka mzima na mkono wa bibi kizee begani! Nikilala niliota ukuta. Kwa hiyo nilisoma kama mwendawazimu, siku za kahawa.

Kasoro ilitokea siku chache kabla ya mtihani. Baba alinipa kahawa siku ambayo shule ilikuwa imefungwa, ili nijisomee. Mjomba akasikia harufu. Hakugomba, alisema tu, kwa upole ule wa kukata, kwamba siku hizi mtoto wa watu anapewa dawa wenyewe hawana habari. Baba akaomba radhi. Mama alipotaka kusema, wote wawili wakamwambia hayo ni ya wanaume, asiyaingilie.

Asubuhi ya mtihani moto ulikuwa unawaka na juu yake hapakuwa na kitu. Baba alikuwa ameshatoka.

"Mama, kahawa iko wapi?"

"Baba yako kasema leo anamwachia mjomba wako, asije akaambiwa tena. Pita kwake."

Nikapita mbio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Leo ndiyo leo. Kahawa sikutengeneza, nimemwachia baba yako. Ada analipa yeye, na juzi nilimsema vibaya, nisimvunjie heshima mara mbili. Si umeshakunywa?"

Kengele ya misheni ikaanza kulia. Buni zilikuwa mbichi guniani, hazijakaangwa wala kutwangwa. Nikaondoka mbio. Njia nzima nilikuwa natukana kimoyomoyo, maana sijapata kuona watu wanaoheshimiana namna ile. Siku zote walikuwa wakigombania kikombe changu, na siku niliyokihitaji kuliko zote kila mmoja alimwachia mwenzake kwa adabu kubwa.

Msimamizi wa mtihani alitoka Morogoro Mjini, kijana wa suruali ndefu, na hakuna aliyekuwa amewahi kumsimulia habari zangu. Kabla sijamaliza swali la kwanza dawati lilikuwa linatikisika na wino umemwagikia mwenzangu. Akaja akasimama juu yangu. Nikanyoosha kiganja, kama ilivyokuwa desturi.

"Unanipa mkono wa nini? Una tatizo gani?"

"Siwezi kukaa, mwalimu."

Akanitazama, akatazama wino. "Basi simama," akasema. "Hapa umeambiwa ujibu maswali, hukuambiwa ukae."

Nikaenda nyuma ya darasa, nikaweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, nikaandika nimesimama, mara mguu huu mara ule, natembea hatua mbili narudi. Maswali mengine yalinikimbia. Mengi niliyakamata. Nilimaliza nimelowa jasho, na yule kijana akachukua karatasi yangu kama alivyochukua za wengine, akaondoka na sikumwona tena maishani. Mpaka leo namwombea.

Nikafaulu. Mwalimu alipanda mwenyewe kuleta habari. Mjomba akachinja jogoo, majirani wakaja, baba akasimama na mguu wake akatoa shukrani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu, kisha akamgeukia mjomba.

"Na wewe, shemeji. Siku ile ya mtihani nilikuachia umpe mtoto kahawa, na matunda yake ndiyo haya."

Mjomba alikuwa na paja la kuku mkononi. Nilimwona akilitazama, akimtazama baba, akipiga hesabu. Mama aliinamia sufuria.

"Kazi ya mjomba ni nini?" mjomba akasema.

Watu wakashangilia. Nikasema, "Mbona siku ile sikunywa kahawa?" Nikarudia kwa sauti kubwa. Wakacheka, wakasema furaha imemzidi mtoto. Mwanamke mmoja alimwomba mama buni za mwanawe palepale. Nilikuwa nimefaulu kwa kichwa changu na miguu yangu miwili, na sherehe ilikuwa ya kahawa.

Bibi alisubiri wale washibe. Kisha akasema amefurahi sana, mtoto aende kwa masista, yeye hana kinyongo. Ila shule haijafunguliwa, na mila haiwezi kuachwa hivihivi wakati muda upo. Mpaka siku ya kufungua, mtoto ni wake. Mjomba alikuwa na moyo mweupe siku ile, asingemnyima mtu kitu. Akakubali.

Nikaingia ndani. Kilikuwa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, na nilitakiwa kukaa, miguu imenyooshwa, macho chini. Niliweza kidogo. Kisha miguu ikaanza. Bibi akaipiga. Nikaanza kubandua udongo wa ukutani kwa kucha. Akapiga na mikono. Kichwani zile kelele zilijaa mpaka nikahisi nitapasuka, na hapakuwa na mteremko wa kukimbilia wala ngedere wa kumfukuza.

Nje, upande wa pili wa ukuta, baba na mjomba walikuwa barazani na wazee wenzao. Tangu nifaulu walikuwa wameanza kuinywa kahawa wenyewe, na harufu yake ilipenya mpaka kwangu. Mwali haruhusiwi kupaza sauti. Nikapaza.

"Mjomba, shikamoo! Nakuomba kikombe kimoja tu. Nakuomba sana."

Kisha nikamsikia mjomba, kwa huruma ya kweli kabisa:

"Mpwa wangu, si tulishakubaliana? Kahawa ni ya siku za shule. Humo ndani hakuna mtihani. Wewe kaa tu."

Baba nilimsikia akikohoa na kuweka kikombe chini. Hapo nikalia, kwa hasira na kwa kuwachukia wote, baba zaidi, nikalia mpaka nguvu zikaniishia nikabaki nimejiegemeza ukutani. Bibi akanipapasa kichwa gizani. Akainuka, akachungulia mlangoni, akawaambia waliokuwa nje kwamba mambo ni mazuri, mwali ameanza kutulia.