Ngazi za Jumba la Mwingereza

Jamani, leo nimeona bibi harusi akimng'oa mwenzake jino!

Ni hapa Guangzhou, kwenye jumba la kale la Mwingereza. Maharusi wa mji huu hupigia picha kwenye ngazi zake.

Leo wamefika mabibi harusi wawili kwa mpigo.
Hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake.

Shela zikachanika. Kiatu kikatua mdomoni. Damu mpaka kwenye gauni!

Wifi yangu Zuhura akaenda kuwaamulia. "Jamani, leo siku ya heri!"
Akala kofi.
Mnamjua Zuhura. Akavua kiatu chake, naye akaingia.

Walipochoka, mzee mlinzi akachukua ndoo mlangoni, akaosha damu, akaita wanaofuata.

Wallahi, ndoo ile tulipofika, kabla hata ya ugomvi, tuliikuta imeshajazwa maji.