Msichana wa Bombani

Mume wangu anachonga mihuri ya mpira, na kwa kuwa muhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke, mtaa mzima unamwita Kinyume. Jina limemkaa. Maandishi ya kwenye kioo cha duka lake huyasoma akiwa ndani, tena haraka kuliko mimi niliye nje. Nikigombana naye husubiri nimalize yote, kisha hujibu lile swali la kwanza ambalo mimi mwenyewe nimeshalisahau. Mtu wa namna hiyo humshindi. Unamnunia, basi, na yeye wala hagundui.

Kwao hawakuwa na ugomvi. Kwetu ulikuwepo, tena wa miaka mingi, kati ya mama yangu na mdogo wake. Wamepishana mwaka mmoja tu. Walipokuwa wadogo mji wetu ulipata maji ya bomba, ikatolewa sarafu ya kumbukumbu: upande mmoja maandishi, upande wa pili msichana anakinga maji kwa kopo, na nyuma yake tangi la maji. Mpiga picha alikuja bombani akawapiga wote wawili, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na magauni ya kitambaa kimoja. Picha ipi ilichongwa hawakuambiwa. Lakini msichana wa kwenye sarafu ameshika kopo kwa mkono wa kushoto, na mama mdogo ana shoto tangu azaliwe. Kesi ikaishia hapo.

Mama hakukata rufaa. Alianza kumtukana yule msichana. Pua imekaliwa, masikio ya kusikilizia ya watu, na maji yenyewe anakinga kama anayaiba. Mama mdogo, aliyeitoboa sarafu yake akaivaa shingoni, alimtetea kwa moyo wote.

"Hebu tazama shingo hiyo, dada. Tazama alivyosimama."

"Amesimama kama mwiko."

Mimi nilikuwa upande wa mama. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mwaka huu ofisi ya maji ikatangaza kwamba bomba jipya litafunguliwa na msichana wa kwenye sarafu, popote alipo. Mama mdogo akakimbilia kwa mshonaji. Mama akasema kichwa kinamuuma. Nilipompelekea chai alikuwa ameketi kitandani, hakulala.

"Nilitaka mara moja tu mtu aseme labda ni mimi," akaniambia. "Labda tu. Sikuomba zaidi."

Iliniuma sana. Siku moja kabla ya sherehe nikamtoa nyumbani kwa nguvu, nikampeleka akae nami dukani kwa mume wangu apate hewa. Kumbe nimempeleka mdomoni mwa simba. Mama mdogo akaingia na gauni jipya kwenye mfuko, anataka sarafu yake isuguliwe ing'ae.

Kinyume akaiweka chini ya lenzi yake ya kazi, akaanza kuisugua. Ghafla akaacha.

"Mama mdogo, ukisimama pale bomba la zamani ukalitazama tangi, ngazi yake iko upande gani?"

"Mimi najuaje, baba? Nilikwenda kuteka maji, sikwenda kupanda ngazi."

Kinyume akatoka bila kuaga. Tangi lile bado lipo, mitaa miwili kutoka dukani. Akarudi anahema.

"Ngazi iko kushoto," akasema. "Kwenye sarafu iko kulia."

"Labda waliihamisha," akasema mama mdogo.

"Ni ya zege, mama. Imejengwa na tangi lenyewe."

Kisha akatueleza, polepole, maana akizungumzia kazi hana haraka. Mchongaji aliiweka picha mbele yake akaichonga kama alivyoiona, akasahau kuigeuza. Sarafu ilipogongwa, kushoto kukawa kulia. Yeye mwenyewe aliwahi kumchongea mwenye hoteli muhuri wa jogoo, jogoo akatoka anatazama nje ya karatasi.

"Mbona maandishi yako sawa?" nikauliza.

"Maandishi ukiyakosea yanakupigia kelele. Picha inanyamaza."

Basi kama ngazi iligeuka, na mkono uligeuka. Aliyeshika kopo alilishika kwa mkono wa kulia. Nilivuta pumzi nipige kigelegele, mama akanibana goti ninyamaze. Akaomba lenzi. Akatazama, akatazama.

"Kumbe hii pua ni yangu," akasema.

Kinyume ndiye aliyeanza kucheka, nami nikafuata, na mama akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia mabegani. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mfuko wa gauni miguuni pake. Kisha akaichukua sarafu mezani, na uzi wake, akamwekea mama kiganjani.

"Chukua, dada. Ni yako."

"Mtoto huyu nimemtukana miaka yote," akasema mama. "Wewe ndiye uliyemtetea."

"Nilidhani najitetea mwenyewe."

"Hata kama."

Mama mdogo akainama juu ya kiganja cha dada yake, akaitazama sarafu kama mtu anayeangalia picha ya mgeni.

"Lakini alikuwa mzuri," akasema. "Siku nikiwa na huzuni nilikuwa namwangalia, nasema moyoni, na mimi nilikuwa mzuri. Kumbe mzuri ulikuwa wewe, dada."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia mama neno hilo, hata baba, ambaye alikuwa mtu mwema lakini bahili wa maneno. Mama alichukua uzi akamfunga mdogo wake shingoni, akakosea fundo akaanza upya. Kisha akamwambia kesho watakwenda wote wawili, na asithubutu kuvaa hilo gauni bila kulipiga pasi.