Miwani ya kuonea gizani

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa napeleka ndizi soko la kambini Lukole, nabadilishana na mahindi ya mgawo. Jirani yangu, mzee wa mitumba, alitundika miwani ya plastiki ya watoto. "Ukivaa hii, gizani unaona kila kitu."

Mtoto wa kike wa Kirundi akasogea. "Shikamoo, baba. Inaona mpaka ng'ambo ya mto?"

"Marahaba. Mpaka Burundi, mama."

"Niazime kidogo. Mdogo wangu alitupotea kwenye mafunjo, tukivuka usiku."

Mzee akaishusha, akaifuta taratibu kwa kanzu. "Ni ya kuchezea tu, mwanangu. Haioni kitu."

"Lakini umesema inaona."

Tangu hapo, kabla sijazisifia ndizi zangu, naangalia kwanza nani ananisikiliza.